Sikio Langu na Ndoana ya Mzee Bartholomayo

Jumapili, 8 Juni 2025. Mbaha

Nimefika! Nimeacha kahawa ikiiva kule juu kwetu Mbinga, kaka yangu akinung'unika kwamba msimu wa kuchuma si msimu wa kwenda kukaa ziwani. Hajui kitu. Mimi ndiye ninayekwenda kuchuma.

Jambo lenyewe ni Mwalimu Herieth. Anafundisha darasa la tatu jirani na shamba letu. Sasa shule zimefungwa, yuko hapa kwao. Tumeelewana tangu mwaka jana. Jumapili ijayo, baada ya misa, mjomba wangu Romanus atashuka na barua ya posa. Yeye ndiye mshenga. Kazi yangu mimi ni ndogo tu: kuleta samaki.

Samaki! Baba yake, Mzee Bartholomayo, ni mvuvi wa miaka yote. Pasaka alitangaza mbele ya ukoo kwamba hatapokea barua ya mwanaume ambaye hajawahi kuvua kitoweo kwa mkono wake mwenyewe. Herieth akaniuliza kama nimewahi kuvua. Nikamjibu nimevua tangu utotoni, mto Ruhuhu, mpaka samaki walikuwa wakinijua kwa jina.

Sijawahi. Kwetu samaki huja kwenye kiroba, wamekauka, macho wazi.

Nimefikia kwa Alphonce, mvuvi, mnunuzi wangu wa maharage na rafiki wa kweli. Nimemweleza mpango. Yeye atavua samaki mkubwa aina ya mbasa kwa wavu. Mimi nitampachika ndoana mdomoni na kumpeleka ukweni nimemning'iniza kwenye mshipi wa kuvulia, jasho likinitoka. Alphonce amesema wazee wa hapa hawadanganywi kwa samaki. Nimemwambia wazee wa hapa hawajakutana na Mansuetus.

Kuna kikwazo kimoja. Kinaitwa Wolfgang. Dereva wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka, meno meupe, viatu vya ngozi. Inasemekana naye ana barua mfukoni, na ataileta Jumapili inayofuata ikiwa yangu itarudishwa. Haitarudishwa!


Jumatatu, 9 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Picha! Nipigwe picha na samaki, Herieth aione kwenye simu, amwonyeshe baba yake, mambo yaive kabla ya Jumapili. Alphonce akasema ngoja kwanza tunywe chai. Chai ya nini mtu mwenye wazo?

Alitoa mbasa mmoja mnene aliyekufa tangu alfajiri. Akaenda kuazima mshipi wenye ndoana nzuri. Sikuuliza kwa nani. Tukaufunga kwenye mwanzi mrefu, nikamchomeka samaki ndoana kwenye mdomo wa juu, nikainua. Mwanzi ukapinda vizuri kabisa, utadhani samaki bado anapigania roho yake. Nami nikakunja uso wa mtu anayepigana.

Alphonce akaniambia nisogee, jua liko nyuma. Nikasogea. Akaniambia niinue zaidi. Nikainua. Akaanza kuhesabu. Alipofika mbili, mdomo wa samaki ukachanika.

Samaki akaanguka. Mwanzi ukafyatuka. Ndoana ikanirudia mwenyewe.

Iko sikioni. Sikio la kushoto, kwenye ndewe, pale penye nyama laini. Imezama mpaka kimepita kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke. Nimejaribu kuivuta. Sitajaribu tena. Damu haikuwa nyingi, kelele ndizo zilizokuwa nyingi, zote zangu. Alphonce amekata mshipi kwa kisu. Limebaki fundo dogo linaning'inia kama kipuli.

Picha imetoka. Samaki yuko hewani, kinywa wazi. Mimi pia.

Alphonce anataka twende zahanati. Haiwezekani! Muuguzi wa zahanati ni Nesi Scolastika, dada yake Mzee Bartholomayo, shangazi wa Herieth. Ataniuliza nilikuwa navua nini, wapi, na kwa nini samaki wangu alikufa tangu alfajiri. Nimevaa kofia yangu ya sufu, ile ya baridi ya kwetu, inafunika mpaka shingo. Mpango unaendelea.


Jumanne, 10 Juni

Joto! Kichwa kinachemka ndani ya sufu. Kila anayepita anauliza. Mama muuza vitumbua amewaambia wenzake kwamba watu wa milimani husikia baridi hata wakiwa jikoni. Wamecheka mpaka kitumbua kikaungua. Sawa, wacheke.

Nimejaribu sabuni. Nimejaribu mafuta ya kula. Ndoana haijatoka, ila sikio sasa linanukia kama samaki wa kukaanga na paka wa Alphonce ananifuata kila ninapokwenda.

Saa nne akaja Mzee Bartholomayo mwenyewe! Mrefu, mkimya, suruali imekunjwa magotini. Nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba, mgeni wa Alphonce. Rasmi hanijui, mpaka barua ifike. Anajua mimi ni nani. Najua anajua. Tukatazama ziwa wote wawili.

Kisha akamgeukia Alphonce. Mshipi aliomwazima jana umerudi mkavu na hauna ndoana. Ndoana yake iko wapi?

Mungu wangu! Kumbe ni yake.

Na si ndoana ya dukani. Aliachiwa na marehemu baba yake. Chuma kinene cha zamani, ambacho siku hizi hakipatikani. Ndoana hiyo iliwalisha yeye na wadogo zake wanne mwaka ambao baba yao hakurudi kutoka ziwani. Huifunga kwa fundo lake mwenyewe, mizunguko saba kwenda kushoto, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Alphonce, kichwa cha chambo, akajibu kwamba labda ilidondoka mchangani.

Nikasikia mdomo wangu unasema nitamsaidia baba kuitafuta.

Tumetafuta kwa muda wa saa mbili. Tumepiga magoti mchangani, mimi na baba mkwe mtarajiwa, tukichekecha mchanga kwa vidole, tukitafuta kitu kilichomo sikioni mwangu. Alinisimulia habari za baba yake. Mwishoni alikaa chini akasema basi, huenda imekwenda na mawimbi, na akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nilijisikia vibaya sana, kweli kabisa.

Baadaye nikajisikia vizuri. Saa mbili na mkwe! Wolfgang hajapata hata dakika moja.


Jumatano, 11 Juni

Sikio limekuwa andazi. Linapiga kama ngoma ya mganda. Alphonce akaapa kwamba Nesi Scolastika leo amekwenda Liuli kuchukua dawa. Nikaenda zahanati mbio.

Yupo! Na leo ni kliniki ya watoto wachanga. Nimekaa kwenye benchi katikati ya akina mama kumi na wanne, kila mmoja na mwanawe, mimi na kofia yangu. Ikafika zamu yangu. Nesi akaomba kadi ya mtoto. Nikasema sina mtoto, nina jino.

Akanipanua kinywa. Akachungulia. Akasema meno yangu yote ni mazima, tena mazuri, sasa jino gani hilo linalovimba mpaka kwenye kofia? Nikabadilisha haraka. Nikasema kweli si jino, nimekanyaga msumari. Akauliza mguu gani. Nikasema wa kushoto. Akatazama upande wa kushoto wa kofia yangu kwa muda mrefu.

Kisha akasema, kwa sauti ya kuwafundisha akina mama wote, kwamba mtu aliyechomwa na chuma asifanye mzaha, achomwe sindano ya pepopunda upesi, na kama chuma kimebaki ndani kitolewe na anayejua, kisivutwe ovyo, maana pepopunda haijali kama mtu ana posa Jumapili. Nimechomwa sindano. Nimepewa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni. Amesema niko huru kurudi saa yoyote nitakapokumbuka msumari uko wapi.

Hajui chochote. Nimemzunguka vizuri sana.


Alhamisi, 12 Juni

Wolfgang amefika! Kwa bodaboda kutoka Ngaka, kabeba sumaku. Sumaku kubwa nyeusi aliyoitoa kwenye spika mbovu ya lori. Amesikia Mzee amepoteza ndoana, akaja kusaidia. Watu wa pwani yote ya Mbaha wamesimama kumtazama mwerevu akiiburuta sumaku mchangani kwa kamba. Imetoa misumari miwili, kizibo cha soda na kijiko.

Mzee akaniita nami niungane nao, kwa kuwa juzi nilikuwa na bidii. Ningekataaje?

Nilikaa mbali kadiri nilivyoweza. Lakini Wolfgang anapenda kutamba. Akaizungusha sumaku hewani kwa kamba ili watoto waone inavyonasa sarafu. Ikapita karibu na kichwa changu. Sikio likaondoka! Naapa. Kofia ikasogea upande wa Wolfgang na mimi nikaifuata, hatua mbili, kichwa kimeinama, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Nikajifanya nimejikwaa. Nikamwangukia kifuani. Watu wakadhani nimemkumbatia kwa furaha.

Mzee akasema ni vizuri vijana wakipendana. Wolfgang akanipigapiga mgongoni na kuniita kaka. Namchukia.

Sumaku haikupata kitu. Kwa hiyo mimi bado naongoza.


Ijumaa, 13 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, msaidizi wa waliopoteza vitu. Jumuiya imesali nyumbani kwa Mzee Bartholomayo, na nia ya sala inajulikana. Mwanaume hasali na kofia kichwani. Nikaunda mbinu mpya: nimejifunga kitambaa cheupe kuanzia kidevuni mpaka utosini, nimesema jino limerudi. Nimekaa nje chini ya dirisha, nisiwaambukize. Mtu mmoja aliuliza jino linaambukizaje. Nikakaza kitambaa.

Wameomba kwa moyo. Mzee mwenyewe aliongoza, sauti ikamkatika pale alipomtaja baba yake. Niliitikia "utuombee" kuliko wote. Kisha nikamwomba Mtakatifu pembeni, mtu na mtu, kwamba aisikie sala ya Mzee, ila kama inawezekana asubiri mpaka Jumatatu. Kwangu mimi kitu hakijapotea. Najua kabisa kilipo.

Baada ya sala Herieth akatoka na bakuli. Mama yake, Mama Walburga, amenipikia uji mwororo kwa ajili ya jino. Ametia na karanga. Mtu ambaye hata haruhusiwi kunijua bado!

Herieth hakuketi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama jino ni kweli. Nikasema ni kweli. Akanitazama jinsi anavyowatazama watoto wa darasa la tatu. Akasema Jumapili ataitwa mbele ya wazee wote na kuulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akasema angependa siku hiyo akijibu ndiyo, iwe ni kweli anamfahamu mtu anayemwitikia.

Nikasema bila shaka. Alipoondoka nilikaa pale mpaka uji ukapoa.


Jumamosi, 14 Juni

Nimeamua! Nitakwenda kwa Mzee, nitavua kitambaa, nitasema baba, nisamehe, hii hapa. Niliamka na nguvu hiyo. Nikaoga. Nikatembea mpaka kwenye mnazi ulio karibu na nyumba yao. Pale nikamwona Wolfgang anashusha kreti la soda. Mzee alikuwa anacheka. Nikafikiri: nikikiri sasa hivi, nitakuwa mwizi wa ndoana mbele ya mleta soda. Nikageuka.

Kukiri kunataka mahali na wakati wake.

Jioni Mjomba Romanus akashuka na basi, koti la suti, barua ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu makini sana, alikuwa karani wa chama cha kahawa miaka ishirini. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu kitambaa. Nikamwambia jino. Akasema jino au si jino, hakuna mpwa wake atakayeingia ukweni kafungwa kama maiti. Tumekubaliana nitavaa kofia mpaka mlangoni, nitaivua ndani, na sikio nitalifunika kwa kipande cha plasta.

Alphonce ameleta mbasa wa kesho. Mzuri! Ana mikwaruzo kidogo ya wavu kwenye mashavu. Nimeipaka majivu, haionekani. Kesho!


Jumapili, 15 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Tumeingia saa saba. Ukumbini wazee wa ukoo, Nesi Scolastika na mkoba wake, Alphonce kwa sababu anapenda pilau, na Mzee Bartholomayo kwenye kiti cha mbele. Mjomba akazungumza maneno mazuri ya kupita njia na kuona ua zuri. Nikamtoa samaki. Wakaguna kwa kuridhika. Mzee akamgeuza, akamtazama mashavu, akajipangusa majivu kidoleni.

Kisha Mama Walburga akaingia na birika na beseni la kunawisha wageni. Amejifunga kilemba cha lesi, cha sikukuu. Kwa heshima niliinama sana, zaidi ya inavyotakiwa, niseme shikamoo mama. Naye kwa huruma ya jino langu akainama kunitazama usoni. Plasta kwa jasho ilikuwa imekwisha kubanduka.

Ndoana ikanasa lesi.

Akajivuta nyuma. Nikamfuata. Nikajivuta. Akanifuata. Mkwe! Mtu ambaye kwa adabu sitakiwi hata kukaa naye mkeka mmoja, tumeshikana sikio kwa kilemba, birika linamwagikia suruali ya Mjomba, na mimi nalia nasema samahani mama, samahani mama. Watu wakasimama juu ya viti ili waone.

Nesi Scolastika akakata lesi kwa mkasi, akatazama, akasema kumbe msumari ulikuwa mguu huu.

Na hapo, nikiwa nimeshikiliwa kichwa mbele ya ukoo mzima, nilipata wazo. Ndiyo, hata hapo! Nikasema kwa sauti ya ushujaa kwamba niliumia nikipambana na mbasa huyu. Alikuwa mkali, nikasema, tulivutana nusu saa, akanichoma, lakini sikumwachia, kwa mapenzi yangu kwa Herieth. Mzee mmoja alipiga makofi. Mjomba Romanus akajifuta machozi pamoja na maji. Kwa muda kama wa kusali Baba Yetu moja nilikuwa shujaa.

Mzee Bartholomayo akasogea. Akavaa miwani. Akashika lile fundo dogo lililobaki, akalihesabu kwa ukucha, polepole, moja mpaka saba. Likizunguka kwenda kushoto.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba mshipi huu ulirudi kwake mkavu. Akasema tulitafuta pamoja saa mbili, mimi na yeye, magotini.

Basi nikasema. Yote! Mwanzi, picha, kofia, jino, msumari, sumaku, Mtakatifu Antoni, majivu ya samaki, mto Ruhuhu ambao nimeupita kwa basi tu. Sikuwahi kusema ukweli mrefu hivyo maishani. Nilipofika kwenye uji nikashindwa kuendelea.

Nesi akanichoma ganzi. Akaeleza kwamba haitoki ilikoingilia: inasukumwa mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, kijino kinakatwa kwa koleo, ndipo iliyobaki inarudi nyuma kwa usalama. Akaisukuma. Ncha ikatokeza. Kisha akamtazama kaka yake, maana kukata kijino ni kuiua ndoana. Haitashika samaki tena. Au achane sikio, ndoana ibaki nzima.

Mimi mwenyewe nilisema chana, baba. Nilimaanisha kweli, sikuwa na mpango wowote.

Mzee akaenda ndani. Akarudi na koleo. Alisimama nalo muda mrefu, akiitazama ndoana ya baba yake. Kisha akakata. Kitu kidogo kikalia sakafuni. Nesi akairudisha nyuma ndoana, ikatoka bila shida, akanisafisha na kunifunga. Mimi nililia waziwazi na sioni aibu kuandika.

Mjomba alikuwa tayari amesharudisha bahasha kwenye plastiki. Lakini utaratibu ni utaratibu, wazee wakasema aitwe binti. Herieth akaja. Akaulizwa, je, wageni hawa unawafahamu?

Akasema anamfahamu huyu mwenye bendeji. Akasema ni mwongo. Akasema lakini amemchunguza wiki nzima na hajui kudanganya: uongo wake wote haufiki Jumapili. Mwanaume wa namna hiyo, akasema, mtu anaweza kuishi naye kwa amani, kwa sababu hana mahali pa kuficha kitu. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema alimsikia akisema chana.

Wazee wakacheka. Mama Walburga alicheka mpaka kilemba kilichobaki kikaanguka. Barua imepokelewa! Kwa sharti moja. Nibaki hapa, niende ziwani na Mzee kila alfajiri, mpaka nivue samaki mmoja kwa mkono wangu. Hata akiwa mdogo kama kidole.

Wakati wa kuaga Mzee aliniwekea ndoana kiganjani, ile isiyo na kijino. Nikasema baba, siwezi kuichukua. Akasema hajanipa. Akasema nimtunzie mjukuu wake.


Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda ziwani. Upepo wa mwera, mawimbi marefu. Nimetapika upande wa kulia wa mtumbwi, kisha wa kushoto. Sijapata samaki. Mzee amesema samaki wamekula vizuri leo. Anacheka! Ananiita mwanangu.

Sikio halina homa. Nesi ameridhika.

Wolfgang amekuja kunipongeza na ameniachia ile sumaku. Si mtu mbaya.


Jumatano, 18 Juni

Siku ya tatu bila samaki. Herieth amenisafisha kidonda na kuniuliza kama kuna kitu nimejifunza. Nimemwambia mengi sana. Ni kweli, nimeyafikiria yote kwa makini.

Kwanza, nimeona huzuni ya Mzee kila anapoitazama ile ndoana. Kwa hiyo jana, kimyakimya, nimeipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Ameiwekea kijino kipya. Kikali kuliko cha zamani! Hebu fikiria: samaki wangu wa kwanza, kwa ndoana ileile ya baba yake, iliyofufuka. Mzee atalia kwa furaha. Herieth atajua ana mume wa namna gani.

Tatizo ni samaki mwenyewe tu, anachelewa. Lakini Alphonce alfajiri ametoa mbasa mzuri kwenye wavu, hana mkwaruzo hata mmoja, na hakuna ubaya mtu akitangulia kupiga picha wakati samaki wake halisi yuko njiani.

Makosa ya wiki iliyopita nimeyasahihisha yote. Mwanzi ule ulikuwa mfupi, huu wa leo ni mrefu mara mbili na unapinda vizuri zaidi. Samaki yule nilimchomeka mdomo wa juu ukachanika, huyu nimemchomeka wa chini, kwa kijino kipya. Na sasa nitageuka upande wa pili, ili lile sikio la kushoto liwe mbali.

Alphonce ananiita. Anasema jua liko mahali pake na amekwisha kuhesabu moja. Kofia naivua, sura ionekane.